Mashavu ya Kabula

Jumatano, 4 Juni

Daftari, nisamehe. Tangu nimzae Mhoja sijakushika, na sasa ana meno mawili. Sina sababu nzuri. Nilikuwa nachoka, basi.

Leo kama jana. Kumwagia maji uani kabla ya kufagia, maana vumbi la mtaa wetu wa Nyasubi, hapa Kahama, mwezi huu likiinuka Kabula anakohoa hadi anashika ukuta. Uji. Mhoja mgongoni. Kabula na kijiko chake cha dawa ya kifua, ule unga wa kahawia wa mizizi. Naukoroga kwenye uji kwa kuwa ni mchungu. Shule. Kisha vitumbua vyangu barazani hadi viishe.

Dawa hiyo Baba Kabula huinunua Katoro siku ya gulio, anapotoka Nyarugusu kwenye karasha anakosaga mawe ya dhahabu. Mama yake, ambaye tunaishi naye hapa, ndiye aliyeisikia kwanza kwa wenzake wa kwaya. Nisimnyime haki yake. Mwaka jana pumu ya Kabula ilitulaza wodini hadi wauguzi wakawa wananiita kwa jina. Tangu aanze ule unga hajalazwa. Na amenawiri. Mashavu yamejaa, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Jirani yetu Mama Shija hupiga kelele kutoka kwake:

"Mama Kabula, huyo unamlisha nini? Tupe siri, wa kwetu wamebaki shingo!"

Mama mkwe akisikia hivyo anatembea kama aliyeuza pamba kwa bei nzuri.

Ila kuna jambo. Baba Kabula akichelewa na dawa ikakatika, mtoto analegea kama mlenda. Hataki kuamka, hataki kula. Hilo silipendi.

Nilipompeleka Mhoja chanjo walitangaza. Shinyanga mjini kuna utafiti wa dawa mpya ya kuvuta, ya watoto wenye pumu. Atakayekubaliwa anapewa dawa muda wote wa utafiti na kuangaliwa na daktari kila mwezi. Kila mwezi! Sisi hata ile pampu ya kawaida ya kuvuta tukiandikiwa, duka la dawa wanasema imeisha, rudi wiki ijayo. Nimeandikisha jina. Kabula lazima aingie.

Jumanne, 10 Juni

Tumetoka Shinyanga. Nimechoka miguu, mgongo, hata meno.

Damu walitaka ya asubuhi mapema, kwa hiyo jana tulilala kwa binamu yangu. Muuguzi wa utafiti anaitwa Sista Veronika. Rika langu. Anaongea polepole kama anayemwaga maziwa bila kutaka yadondoke. Alinisomea maswali. Je, mtoto amemeza vidonge vya steroidi karibuni, au dawa ya maji, au amechomwa sindano yake? Akanitajia majina. Akanionyesha na vidonge vyenyewe. Nikasema hapana. Dawa nyingine ya hospitali? Hapana. Nilijibu kwa moyo mweupe.

Akamtazama sana Kabula. Akamgusa shavu. Akauliza kama kunenepa huku ni kwa karibuni. Nikasema ndiyo, na nikajivuna.

Majibu Jumanne ijayo.

Jumanne, 17 Juni

Amekataliwa. Kwa sasa, wamesema. Kwa sasa.

Naandika nikiwa stendi ya Shinyanga, basi halijajaa.

Daktari wa utafiti ni mama mtu mzima. Alituketisha, akampa Kabula kalamu achore. Akasema kila mwili hutengeneza steroidi yake kidogo, kwenye vitezi vilivyo juu ya figo. Vya Kabula vimelala. Damu imeonyesha hivyo. Na huwa vinalala pale mtu anapopewa steroidi nyingi kutoka nje siku baada ya siku. Nikaapa hajapewa. Hakunibishia. Aliniuliza tu:

"Mama Kabula, kuna kitu anakula kila siku ambacho nyinyi nyumbani hamkihesabu kuwa dawa ya hospitali?"

Nilikuwa nacho mkobani, kile kipakiti cha unga. Nilikibeba ili asikose kijiko chake. Nikakiweka mezani.

Akasema ameshaona pakiti za namna hiyo. Mizizi imo, lakini ndani yake watu husagia vidonge vya steroidi, ndiyo maana kifua hutulia upesi hivyo. Na ndiyo maana ya mashavu. Si kunawiri. Ni dawa imezidi. Alinionyesha na vinywele vya shavuni, na tumbo, na mistari mapajani. Mimi ndiye ninayemwogesha. Vyote nilikuwa naviona.

Nikauliza kwa nini hilo limzuie, maana si ana pumu bado? Akasema kwa sababu mbili. Steroidi ile ingeficha kazi ya dawa mpya. Nimeelewa kijikoni kwangu: ukipikia sufuria lenye chumvi ya jana, hutajua chumvi ya leo imetosha au haijatosha. Ya pili ni usalama wake. Mtoto ambaye mwili wake umelala hawezi kujaribiwa dawa ngeni.

Kisha akanionya. Nisiukatishe ghafla. Nilikuwa tayari nimeshika pakiti kuitupa kwenye ndoo. Akanishika mkono. Ukikatisha ghafla, mwili hauna steroidi ya kwake, anaweza kuanguka, anaweza kufa. Kule kulegea kama mlenda kulikuwa ndiko huko kukianza.

Sasa anapewa vidonge vyenyewe, kwa kipimo kinachojulikana, vinashushwa kidogo kidogo. Vikiisha akae mwezi mzima bila steroidi ya kumeza wala ya sindano. Ndipo apimwe tena. Nafasi zitafungwa Septemba. Tukienda sawasawa, tutawahi.

Wamenipa kadi ndogo ya njano. Imeandikwa kwamba mtoto huyu ametumia steroidi muda mrefu. Akiumwa, popote, nimwonyeshe daktari. Daktari alirudia mara mbili: akihitaji sindano apewe, usiufikirie utafiti.

Basi linaondoka.

Jumatano, 18 Juni

Nimempigia Baba Kabula. Aliposikia steroidi alicheka.

"Ile ya mabaunsa wa Katoro? Binti yangu anabeba vyuma?"

Nikamweleza. Kisha akaomba nimpe mama yake. Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa kwa sababu kispika cha sikioni kimekufa, kwa hiyo hata Mama Shija amesikia. Alimwambia mama yake kwamba amemlisha mtoto sumu.

Mama mkwe aliweka kikombe chini.

Nikachukua simu. Nikamwambia, umenunua wewe, amepima mama, nimekoroga mimi. Mikono mitatu. Usichague mmoja. Akakata.

Jumamosi, 21 Juni

Mama mkwe ameondoka. Nilikuwa barazani na wateja. Alipita na kifurushi chake na jembe lake. Nikasema, "Mayu, mama yangu, unakwenda wapi?" Akasema karanga za kijijini hazina wa kuzipukuchua. Karanga zilishapukuchuliwa.

Kabula alimfuata hadi njia panda, akarudi analia, na kifua kinapiga filimbi.

Nimekasirika. Kwa mtoto wake aliyemtukana, na kwake kwa kuondoka. Nina watoto wawili, vitumbua na mkono mmoja wa kulia.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Watu wamepumzika. Mimi nimefua.

Kipimo kimeshuka tena. Kabula anasema miguu inamuuma. Anakuwa na hasira, jana alimpiga Mhoja kwa mwiko. Saa ya kidonge anabana meno. Namshika kidevu hadi ameze. Ananichukia dakika hizo. Anichukie. Akimaliza nampa ukoko wa kitumbua na anakaa mapajani kwangu kama si yeye.

Baba Kabula alimtafuta muuzaji gulioni Katoro. Meza ilikuwepo, mtu na kipaza sauti chake hayupo. Wenzake wakasema amehamia njia ya Ushirombo. Kwa hiyo kuna mama mwingine huko sasa hivi anakoroga.

Jumatano, 23 Julai

Mashavu yanaondoka. Uso wake wa zamani umeanza kuchungulia, ule mrefu wa upande wa baba yangu.

Mimi nafurahi. Mtaa unalia.

"Mama Kabula, mtoto kaisha!" Huyo ni Mama Shija, mbele ya wateja. "Bibi kaondoka na baraka zake. Mrudishe mzee wa watu!"

Mteja mmoja akadakia, eti anayeuza vitumbua mtoto wake hapaswi kukonda, au navionja vyote mwenyewe? Wakacheka. Nikamfungia vyake kwenye gazeti.

"Mashavu yale hayakuwa yake," nikawaambia.

Nadhani walidhani nimerogwa.

Ila jioni nilimwogesha, mbavu zikahesabika chini ya mkono wangu, nikaogopa kidogo. Naandika kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Leo nusu kidonge ya mwisho. Amekimeza mwenyewe, akafungua mdomo nione. Kuanzia kesho ni mwezi mtupu. Tarehe 8 Septemba tunarudi kupimwa.

Nimechora msalaba kwenye kalenda ya ukutani. Kabula akaongeza ua.

Jumanne, 19 Agosti

Baba Kabula amekuja, amekaa mpaka leo asubuhi. Sheria yangu hakuibishia: nguo za karasha zinavuliwa uani, zinaingia kwenye ndoo, anaoga ndipo anashika mtoto. Zamani aliingia nalo lile vumbi la mawe hadi kitandani, na mimi nilisema ndiyo kazi.

Amewaambia watu wote kule kwamba binti yake anaingia kwenye utafiti. Wenzake wamembatiza Baba Profesa. Anacheka akisimulia, lakini nimemwona usiku ameishika ile kalenda, anasogeza kidole toka leo hadi kwenye ua la Kabula.

Sikumuuliza kama amempigia mama yake. Najua hajampigia.

Sista Veronika alipiga simu. Nafasi zilizobaki ni chache. Amesema tuepuke moshi, vumbi na mafua. Nikamwambia Sista, hapo umetaja Nyasubi yote.

Jumatatu, 25 Agosti

Homa. Mafua. Nimemzuia shule. Pampu ya kufungua kifua ninayo, anavuta, anapata nafuu, inarudi.

Nimehamishia jiko la vitumbua kwa Mama Shija. Alikubali bila maneno, nikashangaa.

Mungu, wiki mbili tu.

Jumatano, 27 Agosti

Wodini, Kahama. Asubuhi. Kabula amelala na oksijeni puani. Mhoja ananyonya. Mkono mmoja unaandika.

Jana mchana alishindwa kumaliza sentensi. Alisema "mama nataka" akavuta pumzi, akasahau alichotaka. Midomo ya kijivu. Bodaboda, mimi nyuma, Mhoja mgongoni, Kabula katikati. Tukafika. Wakamweka kwenye mashine ya mvuke. Haikutosha. Daktari wa zamu, kijana, akasema anaandaa sindano ya steroidi.

Simu ikaita. Baba Kabula. Mama Shija alikuwa ameshampigia.

Aliposikia sindano alisema wasimchome. Alisema kwanza wajaribu mvuke tena, na tena. Nikamwambia hapumui. Akasema, "Mama Kabula, zimebaki wiki mbili. Akichomwa tumepoteza yote. Hicho kikadi usiwaonyeshe, wakikiona ndiyo watamjaza kabisa. Nakuomba. Nakuomba, mke wangu."

Hajawahi kuniomba kitu hivyo. Alikuwa analia. Nilisikia karasha nyuma yake zinapiga.

Sitadanganya hapa. Nilisimama. Mkono ulikuwa ndani ya mkoba umeshika kadi, na haukutoka. Nilifikiria daktari wa kila mwezi. Nilifikiria dawa isiyosema imeisha rudi wiki ijayo. Nilifikiria lile ua.

Kabula alinitazama. Hakulia. Alikuwa hana pumzi ya kulilia.

Nikamwambia Baba Kabula, utafiti unamtaka mtoto anayepumua. Nikakata simu. Nikatoa kadi.

Daktari aliisoma, akamgeukia muuguzi, akaagiza sindano pale pale. Akaniuliza kwa nini sikuitoa mlangoni. Akasema kwa mtoto aliyepitia haya sindano hii inafungua kifua, na pia inampa mwili wake kile usichoweza bado kutengeneza ukiumwa. Bila hiyo, hata mvuke wa dunia nzima usingemsimamisha.

Kwa hiyo mwezi mtupu ungeweza kumuua.

Hadi jua linazama midomo ilikuwa na rangi. Akamaliza sentensi yake. Alikuwa anataka maji.

Ijumaa, 29 Agosti

Baba Kabula alifika jana. Aliogea njiani, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Alisimama mlangoni mwa wodi hadi Kabula akamwambia, "Baba Profesa, ingia." Akaingia. Ya simu hatukuyasema. Alimbeba Mhoja siku nzima. Mimi nikalala kwenye kiti. Nilipoamka alikuwa amenifunika khanga.

Leo nimempigia Sista Veronika mwenyewe, nisingoje. Nikasema amechomwa, na sasa yuko kwenye vidonge tena kwa siku chache. Alivuta pumzi. Akasema hawezi kuingia. Mwezi unaanza upya na nafasi zitafungwa kabla haujaisha. Akaanza kuniambia nilifanya sahihi. Nikamwambia najua, Sista, hilo sikuuliza. Kisha nikalia. Akangoja. Muda wa maongezi ulikuwa wangu, lakini alingoja.

Akasema kliniki ya kawaida ya pumu ipo Shinyanga, haihusiani na utafiti, atamwandikisha Kabula huko. Si kila mwezi. Lakini ipo.

Daktari wa hapa naye amemwanzishia pampu ya kinga, asubuhi na jioni, kwa chupa ya plastiki yenye tundu ili isiishie mdomoni. Nikauliza ndani yake mna nini. Akasema steroidi.

Nilicheka hadi mama wa kitanda cha jirani akageuka. Daktari akaeleza kwamba hii ni kipimo kidogo, inaishia kifuani, mtoto anasukutua baada ya kuvuta. Hata utafiti uliikubali hii. Shida haikuwa steroidi. Shida ilikuwa kupimiwa na mtu asiyejua anachopima. Nimemwelewa. Wapimaji wenyewe tulikuwa sisi watatu.

Jumapili, 31 Agosti

Kimya. Wanaimba kanisa la ng'ambo ya barabara, inafika kidogo. Kabula anasukutua, anatema kwenye beseni la jirani, anajiona mkubwa. Uso wake ni mrefu. Nimeuzoea sasa.

Ameniuliza kama bibi amekufa. Nikasema hapana. Akauliza basi mbona haji, na wagonjwa huwa anakwenda kuwaona hata asiowajua, na kikapu. Ni kweli. Bibi yake hajawahi kumtembelea mgonjwa mikono mitupu. Kwake ni aibu kuliko wizi.

Baba Kabula amerudi nyumbani kulala. Nitampigia mchana. Naandika kwanza nisisahau, maana salio ni la dakika chache:

Khanga mbili, ile ya maua na ile iliyochanika.
Ndala zangu. Hizi za Mama Shija zinanibana.
Beseni letu la bluu.
Chupa ya chai. Majani, sukari.
Unga wa ulezi, kutoka kwenye ndoo yetu, aupime mwenyewe.
Nguo za Mhoja, zote zilizo safi, hata zisizomtosha.
Kile chanuo cha Kabula chenye jino lililovunjika. Anakitaka hicho, si kingine.
Kalenda ibaki ukutani. Asiitoe.
Pampu nyingine ya kinga, akiipata duka lolote, kabla hii haijaisha.
Na mama yake. Ampigie yeye, si mimi. Amtake radhi kwanza, kisha amlete. Amwambie mkwewe amesema aje bila kikapu. Mikono mitupu, safari hii. Kabula anamngoja amsuke.